Wasomaji Wauliza: Saa Hizi Simu Iko Wapi?

Barua nyingi za safari hii zinabishania jambo moja: simu iruhusiwe shuleni au ipigwe marufuku. Tulipozisoma tulikuwa na swali jingine kichwani, la kawaida zaidi. Saa hizi simu iko wapi, na ufunguo anao nani? Shule inayoweza kujibu hilo saa 2 asubuhi, saa 7 mchana na saa 4 usiku imeshamaliza kazi kubwa, iwe imeruhusu au imekataza. Majibu yetu yamefuata njia hiyo.

Ndoo ya simu

*Shule yetu ni ya kutwa. Wapo wanafunzi wanaopanda daladala mbili, na wazazi wao wanataka waje na simu. Tulikuwa tunazikusanya ofisini kwenye ndoo. Mwezi wa kwanza tu simu mbili zikapotea, moja ikapasuka kioo, wazazi wakatujia juu. Mkuu wa shule sasa anataka marufuku kamili, na simu itakayokamatwa ichomwe moto mstarini. Mnashaurije?*
Mwalimu wa nidhamu, Morogoro

Mwalimu, kilichowaponza ni ndoo.

Tuanze na moto, maana hilo halina mjadala. Betri ya simu ni ya lithiamu. Ikipashwa moto hulipuka, hurusha vipande, na moshi wake ni sumu kwa watoto waliosimama mstarini kutazama. Tena simu ni mali ya mzazi. Shule ina haki ya kuizuia kwa muda, haina haki ya kuiteketeza. Mkuu wa shule asilifanye.

Sasa utaratibu. Mwanafunzi anayehitaji simu njiani alete fomu ya ukurasa mmoja iliyosainiwa na mzazi: jina, darasa, aina na rangi ya simu, kasoro zilizopo tayari ("ufa kona ya juu kulia"), na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Hiyo IMEI hupatikana kwa kubonyeza *#06#. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Andikeni ya kwanza. Fomu iseme wazi kwamba simu itakabidhiwa ikiwa imezimwa, na kwamba shule inawajibika nayo kuanzia inapoingia sandukuni hadi inapotoka, si zaidi ya hapo.

Sanduku mchongeshee fundi seremala, moja kwa kila darasa. Simu zisirundikwe, zisimame kwa ubavu kama majalada. Kwa simu 45 mnahitaji safu 3 za nafasi 15, kila nafasi upana wa sm 2 na urefu wa sm 18. Ukijumlisha plaiwudi za kutenganisha, sanduku zima linakuwa kama sm 40 kwa sm 58. Vitenganishi viwe na kimo cha sm 5 tu, ili simu ijitokeze vidole viishike, na kina cha ndani kiwe sm 10 ili kifuniko kifunge. Chini tandikeni kipande cha blanketi. Kila nafasi ipigwe namba kwa rangi ya mafuta, si kwa karatasi ya gundi, kwa sababu karatasi itabanduka kabla ya muhula kuisha. Simu 45 peke yake zina uzito wa kilo 9 hivi, kwa hiyo wekeni vishikio pande zote mbili. Viranja wawili walibebe hadi kwenye chumba chenye nondo, mwalimu wa darasa akiwa nyuma yao.

Kila darasa lijikusanyie lenyewe. Mwanafunzi mmoja huchukua sekunde 6 kuweka simu yake na kutia saini. Darasa la 45 linamaliza kwa dakika 4 na nusu. Mkiwapanga wanafunzi 300 getini mbele ya mwalimu mmoja, hiyo ni nusu saa, kipindi cha kwanza kimeshaliwa, na kufikia wiki ya tatu mwalimu huyo atakuwa anawapungia tu mkono wapite.

Kwa nini kuzima, si kuweka kimya? Kengele ya saa ya simu mara nyingi hulia hata simu ikiwa kimya, na simu moja ikitetemeka ndani ya sanduku la mbao darasa zima linageuka. Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inasema mwanafunzi aliyevurugwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudi kwenye alichokuwa anajifunza. Kipindi chenu ni cha dakika 40.

Utaratibu huu huvunjikia mahali panapojulikana. Pa kwanza ni simu ya geresha: mtoto anakabidhi simu mbovu ya kaka yake, nzima iko kwenye soksi. Dawa yake ni kuchagua simu mbili tatu bila mpangilio mara moja kwa wiki, mwenyewe aiwashe mbele yako, namba ya IMEI ilinganishwe na daftari. Pa pili ni mwalimu wa darasa kutofika kazini na ufunguo uko kwake. Funguo ziwe mbili, ya pili akae nayo makamu mkuu. Pa tatu ni saa ya kutoka, ambapo simu nyingi hupotelea. Mwanafunzi asiruhusiwe kunyoosha kidole na kusema "ile nyeusi yangu." Ataje namba, apewe, asaini. Na jambo moja tusilisahau: hakuna kuchaji ndani ya sanduku. Simu 45 zilizofungiwa pamoja zikiwa kwenye chaji ni hatari ya moto.

Atakayekutwa na simu nje ya utaratibu, mara ya kwanza arudishiwe jioni, mara ya pili Ijumaa, mara ya tatu aje mzazi. Mwalimu asiipekue simu hiyo. Akiona dalili ya kosa la jinai, aizime, aitie kwenye bahasha, aifunge mbele ya mwanafunzi, amwite mzazi.

Na wazazi watatulia mkiwapa kitu kimoja: namba ya simu ya ofisi inayopokelewa kweli. Ukiuliza vizuri utakuta wengi wanataka njia ya kumpata mtoto saa 5 asubuhi kukiwa na dharura, basi.

Huko Ulaya

*Nyinyi mnahangaika na masanduku wakati wenzetu Ulaya watoto wanaingia na simu darasani. Tutabaki nyuma mpaka lini?*
Mzazi, Mwanza

Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 inayokataza wanafunzi kutumia simu katika shule za msingi na za kati, yaani hadi umri wa miaka 15 hivi. Uholanzi ilianza kuziondoa madarasani kwa shule za sekondari Januari 2024. Masanduku wanayo, ndugu yetu. 

Nimemnunulia, sasa nimepata mtihani

*Mwanangu yuko kidato cha pili, ana miaka 15. Nilimnunulia simu janja asomee, lakini usiku naona mwanga chini ya shuka na bando la wiki linaisha siku mbili. Mimi si mtaalamu wa simu. Nifanye nini bila kumnyang'anya?*
Mama wa watoto watatu, Tanga

Mama, hayo ni matatizo mawili, na la usiku ndilo kubwa. Tuanze nalo.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10. Kama anaamka saa 11:30 alfajiri kuwahi shule, anatakiwa awe amelala saa 3:30 usiku. Hakuna programu ya simu itakayofanya kazi hiyo vizuri kama soketi. Simu zote za nyumbani, na ya kwako pia Mama, zichajiwe sebuleni au chumbani kwako kuanzia saa 3. Atakuambia anaihitaji kwa kengele ya kuamkia. Mnunulie saa ya mezani ya betri, ugomvi wa kengele umekwisha.

Bando sasa. Linalomaliza bando ni video, na ndani ya video ni ubora wa picha. Saa moja ya YouTube kwa ubora wa 480p hula karibu nusu GB. Ukishusha hadi 144p inakuwa chini ya MB 100. Somo la hesabu ambapo mwalimu anaandika ubaoni kwa herufi kubwa linasomeka kwa 240p. Nenda kwenye mipangilio ya YouTube, sehemu ya ubora wa video, upande wa data ya simu, chagua cha kuokoa data. Kisha WhatsApp: mipangilio, hifadhi na data, ondoa alama zote kwenye upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video. Hapo peke yake huenda bando likafika Jumamosi. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kuvisoma hakuli data kama video.

Ukitaka usimamizi zaidi, weka Family Link ya Google kwenye simu yako na uiunganishe na akaunti yake. Itakuonyesha anatumia nini kwa muda gani, utaweka kikomo cha saa kwa siku, utaweka muda wa simu kujifunga usiku, na programu mpya haitaingia bila wewe kukubali. Kwa kuwa ameshapita miaka 13, kuunganisha kunahitaji ridhaa yake. Kaeni naye mezani mfanye pamoja. Ukimwekea kwa siri atagundua ndani ya siku moja, na atakachofanya baada ya hapo ni kuazima simu ya rafiki yake, ambayo huna habari nayo kabisa.

Na kama shuleni kwao haziruhusiwi, mpe kitochi cha njiani, simu janja ibaki nyumbani.

Betri zimevimba kabatini

*Shule yetu ya msingi ina tabiti 30 za serikali za mpango ulioanza 2016. Tukifungua kabati baada ya likizo, nusu haziwaki, na nne zimevimba mgongo. Stima hukatika, na tuna paneli ndogo ya sola. Tunaweza kuokoa zilizobaki?*
Mwalimu wa TEHAMA, Kilifi

Mwalimu, hizo nne zilizovimba ziondoe leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Usizichaji, usizibonyeze zirudi, usizitoboe kutoa hewa. Uvimbe ule ni gesi iliyozalishwa ndani ya betri iliyoharibika, na ukiitoboa inaweza kuwaka mkononi. Ziweke kwenye debe la bati lenye mchanga mkavu, nje ya jengo, mahali penye kivuli ambapo watoto hawafiki. Kwa kuwa ni mali ya serikali, ziandikie ombi la kufutwa kwenye leja ya shule, kisha zikabidhiwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Zisiende jalalani.

Kinachoziua ni likizo. Kuna njia mbili. Ukizifungia zikiwa zimejaa asilimia 100 kwenye kabati chini ya mabati, joto la Pwani linakula betri iliyojaa haraka kuliko iliyo nusu. Ukizifungia zikiwa sifuri, zinaendelea kuvuja kidogo kidogo hadi volti ya betri inashuka mno, na saketi ya ulinzi inakataa kuzichaji tena. Kwa hiyo siku ya mwisho wa muhula zote ziachwe kwenye asilimia 50 hivi na zizimwe kabisa, si kufunga kioo tu. Likizo ikizidi mwezi, mtu apite katikati azikague. Kabati liwe kwenye chumba chenye hewa, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri.

Zile zisizowaka lakini hazijavimba, jaribu hivi: ziweke juu ya meza tupu, kwa chaja inayofaa, tano tano, ukiwa umekaa hapo hapo. Subiri nusu saa hadi saa nzima. Inayoanza kuonyesha alama ya chaji imeokoka. Inayopata moto mgongoni, ichomoe na uipeleke kwenye mchanga na wenzake. Ambayo haifanyi lolote, badilisha waya kabla ya kuikatia tamaa, maana nyaya hufa mapema kuliko tabiti. Tundu la chaji nalo huziba vumbi na nyuzi za mfuko. Lisafishe kwa kijiti cha mbao tabiti ikiwa imezimwa, kamwe si kwa sindano.

Kuhusu umeme, hesabu yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Betri ya mAh 5,000 kwa volti 3.7 ina Wh 18.5. Ongeza upotevu wa chaja, sema Wh 25. Tabiti 30 zinakula Wh 750, chini ya uniti moja (Wh 1,000). Paneli ya W 100 yenye jua zuri la saa 5, ukitoa hasara za njiani, inakupa kama Wh 400 kwa siku, yaani tabiti 16. Chaji nusu Jumatatu, nusu Jumanne. Kinachounguza ni ekstensheni za bei rahisi zilizopachikwa juu ya ekstensheni nyingine, vyuma vya ndani vikiwa vimelegea. Ukisikia harufu ya plastiki au kuona soketi imegeuka rangi ya kahawia, itupe.

Darasani, ipe kila tabiti namba na kila mtoto namba yake ile ile muhula mzima. Mtoto akijua namba 17 ni yake na ya mwenzake wa mkondo wa pili tu, mikwaruzo hupungua, na ukikuta kioo kimevunjika unajua wa kuwauliza ni wawili, si sitini. Kama intaneti haipo, angalia Kolibri. Ni programu ya bure: unapakua masomo mara moja mjini, unayaweka kwenye kompyuta moja ya shule, unaiunganisha na ruta isiyo na intaneti, na tabiti zinasoma kupitia kivinjari. Masomo ya Kiswahili yamo.

Picha za msichana

*Mimi ni matroni wa shule ya bweni. Msichana wa kidato cha tatu amekuja kwangu analia. Mvulana aliyekuwa naye likizo ana picha zake za faragha na anamtishia kuzirusha kwenye magrupu asipomtumia pesa. Inasemekana wanafunzi wawili watatu wameshaziona. Mkuu wa shule yuko safarini. Nianzie wapi?*
Matroni, Iringa

Mama Matroni, anzia kwa binti. Usiku huu asilale peke yake wala asiachwe peke yake bafuni muda mrefu. Mwambie kwa maneno haya haya kwamba hafukuzwi, na kwamba anayetenda kosa ni yule anayemtishia. Mazungumzo ya nidhamu, kama yapo, yana wakati wake na sio leo.

Pili, usiombe utumiwe picha "uzione". Wala mwalimu mwingine asiombe. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza picha za namna hiyo za mtoto. Nia njema haiigeuzi nakala iliyo kwenye simu yako kuwa halali. Unachohitaji kuhifadhi ni vitisho: ujumbe wenyewe, namba ya simu, jina la akaunti, tarehe, saa, na namba aliyotaka pesa itumwe. Viandike kwenye daftari kwa mkono, na binti apige picha ya kioo ya ujumbe usio na picha. Namba hiyo ya pesa ni ya thamani, kwa sababu laini za Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole.

Pesa isitumwe hata shilingi. Anayelipwa mara moja hurudi wiki inayofuata akiwa na dau kubwa zaidi. Binti asimjibu, asifute mazungumzo, na asimzuie mpaka mmeshaandika kila kitu. Baada ya hapo amzuie.

Tatu, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, wakuelekeze. Halafu nendeni kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Usimpeleke kaunta ya mbele akaeleze hadithi yake mbele ya foleni. Mzazi lazima ajulishwe, lakini muulize binti aanze kuambiwa nani, mama au shangazi, na aambiwe na nani. Swali hilo dogo linamrudishia kidogo mamlaka juu ya jambo lake. Mkuu wa shule mpigie simu sasa hivi, usingoje arudi.

Nne, kuna huduma iitwayo Take It Down, ya kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na walionyanyaswa, iliyoanza 2023. Ni bure na haiulizi jina. Binti mwenyewe, kwenye simu yenye picha hizo, anazichagua. Huduma inatengeneza alama ya kidijitali ya kila picha, kama alama ya kidole, na alama hiyo ndiyo inayopelekwa kwa mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok ili izikamate zikipandishwa. Picha yenyewe haitoki kwenye simu. Kaa naye kando, usitazame kioo. Ina mipaka yake: haioni ndani ya WhatsApp, na picha iliyokatwa au kubadilishwa inaweza kuponyoka. Hata hivyo ifanyeni.

Mwisho, wale wawili watatu. Tafadhali msitangaze mstarini kwamba "kuna picha zinazunguka, atakayezisambaza atakiona." Dakika kumi baadaye shule nzima itakuwa inazitafuta. Waite mmoja mmoja, faraghani, na uwaeleze kwamba kuisogeza mbele kunawafanya wao kuwa watuhumiwa. Polisi wakishaingia, wao ndio watasema simu hizo zifanyweje.

Grupu la wazazi

*Grupu la WhatsApp la darasa langu lina wazazi 62. Saa 5 usiku mtu anatuma mahubiri, mwingine anauza mkaa. Juzi niliweka matokeo ya muhula, orodha nzima, mzazi mmoja akachukia sana. Nilikosea?*
Mwalimu wa darasa, Dar es Salaam

Kwenye matokeo, ndiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Mtoto wa 61 kati ya 62 hakupaswa kujulikana na familia 61. Tuma kila mzazi mstari wake, au mpe mtoto karatasi kwenye bahasha.

Mkaa una dawa rahisi. Fungua taarifa za grupu, ingia kwenye ruhusa, chagua wanaotuma ujumbe wawe wasimamizi peke yao. Wasimamizi wawe wawili, wewe na mwalimu mwenzako, usije ukapoteza simu grupu likabaki yatima. Wazazi wakitaka la kupiga soga wafungue lao. Tangaza pia saa zako, kwa mfano 11 hadi 12:30 jioni, na uziheshimu mwenyewe. Ukijibu mara moja tu saa 5 usiku, wamekuzoea.

La hatari zaidi hukulitaja. Akaunti ya mwalimu ikitekwa, mtekaji anaomba ada kwa jina lako na watu 62 wanakuamini. Weka uthibitishaji wa hatua mbili: mipangilio, akaunti, kisha PIN ya tarakimu 6. Msimbo wa tarakimu 6 unaokuja kwa SMS usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mkuu wa shule. Ukitekwa, jisajili upya kwa namba yako; ukishaingiza msimbo wa SMS, mwizi anatolewa nje. Kama aliwahi kuweka PIN yake, itakubidi usubiri siku 7 kuingia, lakini yeye naye yuko nje. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040.

Akili mnemba inifanyie fizikia?

*Shikamooni. Niko kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Wenzangu wanapiga picha swali, ChatGPT inajibu, wananakili. Mimi naogopa kubaki nyuma. Kuna njia halali ya kuitumia?*
Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba. Ipo. Fanya swali kwenye karatasi kwanza, hadi jibu. Kisha andika swali pamoja na hatua zako zote, na uliza: "Kosa langu linaanzia hatua ya ngapi?" Usiulize jibu. Ukishaonyeshwa hatua, funga, rudia yote bila kutazama.

Usiiamini mpaka umeipima kwa swali unalolijua. Mpira umerushwa juu kwa m/s 20. Kwa g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ya 10 unafika m 20, kwa g ya 9.8 unafika m 20.4. Programu inaweza kuchagua g isiyo ya mtihani wako, nawe ukadhani umekosea. Kwenye fasihi ni mbaya zaidi: huweza kubuni mhusika ambaye hayumo kwenye kitabu teule na kumnukuu kwa uhakika wote. Na usiandike humo jina lako, la shule wala la mwalimu.

Wanaonakili watakukuta chumba cha mtihani, kila mmoja na kalamu yake.

Imezimwa, iko mfukoni

*Mtihani wa taifa, simu ikiwa imezimwa mfukoni na sijaigusa, ni kosa?*
Mtahiniwa, Shinyanga

Ndiyo. Kukutwa nayo ndani ya chumba kunatosha kuhesabiwa udanganyifu, na unaweza kufutiwa matokeo. Iache nyumbani, na saa janja nayo. Kama umefika nayo kwa kusahau, mkabidhi msimamizi mlangoni kabla hujavuka kizingiti, ukiwa bado nje.